Naomba ushauri: utando wa mwani umeota upya, au umepanda tu kutoka chini?

Wakuu, naombeni msaada wa kupima utando wa diatomu (mwani wa seli moja) kwenye tope la mlango wa mto baada ya kuvurugwa. Viwanja ni mita 1 kwa 1, vimechakurwa kwa reki hadi sentimita 2, na pembeni vipo ambavyo havijaguswa. Tunachota milimita 2 za juu maji yakishakupwa, klorofili a (rangi ya mwani, ndiyo kipimo cha wingi wake) inatolewa kwa asetoni ya 90%, gizani, saa 24.

Kupwa la pili tu, rangi ya kahawia ya dhahabu imesharudi. Ila ukigusa kwa kidole, tope ni uji mtupu, halina ule ute unaoshikanisha chembe. Nadhani diatomu zilizofukiwa zimefuata mwanga, hazijazaliana. (Hesabu ya klorofili kwa gramu ya tope bichi nimeiacha: tope likipoteza maji juani, namba inapanda bila mwani kuongezeka. Nahesabu kwa eneo.)

Kifaa cha kupima mng'ao wa klorofili kinataka giza la dakika 15 kabla ya kupima, na humo gizani diatomu zinaanza kushuka. Mmepunguza hadi dakika ngapi? Karatasi ya kufutia lenzi, tabaka mbili juu ya tope, inanasa zinazopanda. Lakini zilizozaliwa juu nazitofautishaje? Na wanga wa ute, mnautoa kwa maji ya chumvi au EDTA (kemikali inayofunga madini kama kalsiamu), bila kupasua seli?