Naomba ushauri: daftari na viatu vya shule vinanichanganya

Habarini ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 7, shule inafunguliwa wiki ijayo. Orodha inataka daftari 12 za kurasa 96, ila haisemi ni za mistari au za miraba. Muhula uliopita nilinunua za mistari tupu, nusu zikarudishwa, na muuzaji akakataa kunibadilishia. Iliniuma sana. Nimepiga simu shuleni mara mbili, haipokelewi.

Viatu navyo! Vya saizi yake vinambana baada ya miezi michache. Vikubwa vinampwaya na anajikwaa, hata nikiweka pamba mbele.

Je, ninunue daftari chache kwanza, nimsubiri mwalimu aseme? Na kwenye viatu, nyinyi huacha nafasi kiasi gani mbele ya kidole gumba?