Binti yangu anasomea nyumbani, kidato cha nne atafanyaje?

Mama Wawili, Morogoro: Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 15. Aliacha shule kidato cha kwanza kwa sababu ya sikoseli, kila mwezi tulikuwa wodini. Sasa tunasoma kwenye meza ya chakula, alfajiri, kabla jua halijawa kali na maumivu hayajaanza. Hisabati namudu, kemia inanishinda kabisa. Mtihani wa kidato cha nne ataufanyaje bila shule?

Mwalimu Mstaafu: Pole mama, na hongera. Kwa kuwa hakufika mtihani wa kidato cha pili, aanze na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Akifaulu, anasajiliwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba ya kituo chake cha mtihani itaanza na P badala ya S ya wanafunzi wa shule. Nenda kituoni mapema, mwanzoni mwa mwaka.

Baba K, Dodoma: Wangu alipita hukohuko. Kemia tulimlipa mwanachuo, Jumamosi tu. Uliza habari za mtihani wa vitendo kabla hujalipa. Sisi tulichelewa kuuliza, mtoto akalia.

Mama Wawili: Asanteni sana. Kesho naenda kituoni, naye kasema lazima twende wote.