Naomba ushauri: Kia Sportage ya dizeli, nichukue au niachane nayo?

Habari zenu wakuu. Kuna jamaa anauza Sportage ya 2012, dizeli, lita 2, imetokea Uingereza kwahiyo usukani uko kulia (zile za moja kwa moja kutoka Korea zinakuja usukani kushoto, mimi kuovateki na hiyo siwezi). Nimeikagua jana, bodi safi, siti ya dereva tu ndo imechubuka pembeni, na ikiwashwa asubuhi haitoi moshi.

Sasa fundi wangu kasikia neno Kia tu kakunja uso, eti Mkorea hana spea ukichukua utalia, nunua Toyota ulale. Nikamwambia hawa jamaa walianza 1944 wakitengeneza vipuri vya baiskeli, wakafilisika 1997 Hyundai ikawachukua mwaka uliofuata, wakaleta mbunifu Peter Schreyer kutoka Volkswagen, na Ulaya wanatoa waranti ya miaka 7, mtu haweki waranti hiyo kwenye takataka. Akanijibu waranti ya Ulaya itakusaidia nini hapa Mbagala, na kweli nikakosa la kusema.

Kinachonitisha zaidi ni lile chujio la masizi kwenye ekzosi, nasikia safari fupi fupi za foleni linaziba, na mimi ni Mbagala Posta kila siku.

Wenye nazo niambieni ukweli, spea mnapata wapi, hilo chujio mnaishi nalo vipi? Wa "nunua IST" piteni tu kimya kimya.