Saa ya GPS inarukaruka mwendo, mguu haujabadilika

mkimbiaji_upanga:
Habari wakuu. Nikikimbia Barabara ya Barack Obama, kando ya bahari hapa Dar, saa inatulia kwenye dakika 5:50 hadi 6:00 kwa kilomita. Nikikata kuingia barabara ya Samora, katikati ya mji, inaandika 5:10, mara 6:40, na mguu ni uleule. Kutembea ndiyo balaa: mara inaandika dakika 10, mara dakika 15 kwa kilomita. Ni mbovu, au kuna mahali pa kurekebisha?

kocha_wa_barabarani:
Si mbovu, mkuu. Kando ya bahari anga iko wazi. Samora mawimbi ya setelaiti yanagonga kuta na vioo vya maghorofa kabla ya kufika mkononi. Yamezunguka, yamechelewa, na saa inadhani uko ng'ambo ya barabara. Fungua ramani ya zoezi uone mstari unavyokata juu ya mapaa.

Halafu piga hesabu. Kwa mwendo wa 5:00, sekunde 10 unakwenda mita 33. Saa ikikosea mita 3 tu inakuandikia 4:35 au 5:30. Ukitembea kwa 12:00, sekunde hizohizo unakwenda mita 14, na mita 3 zilezile zinakupa 9:50 au 15:20. Ndiyo maana matembezi yanaonekana mabaya kuliko mbio.

Kwa hiyo ondoa mwendo wa papo hapo kwenye skrini. Weka wastani wa raundi, yaani kipande cha mbio ambacho saa inakihesabu peke yake, na raundi ijifunge yenyewe kila kilomita 1. Mita 200 za mwanzo wa kila raundi namba bado itacheza, usiifukuze.

fundi_saa:
Naongezea upande wa mipangilio, maana wengi wanaianza mbio vibaya.

Unganisha saa na simu kabla ya kutoka, ipakue taarifa za mahali setelaiti zitakapokuwa. Simama pa wazi, si chini ya baraza, subiri ishara ya GPS ikamilike, kisha ongeza dakika moja nzima ndipo ubonyeze kuanza. Zima hali ya kuokoa betri: humo saa inapima nafasi kwa kurukaruka na kukata kona. Chagua kurekodi kila sekunde, na uruhusu GPS pamoja na mifumo mingine ya setelaiti: Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China.

Kama saa yako inapokea mawimbi ya setelaiti kwa masafa mawili, yanayoitwa L1 na L5, yawashe. L5 inatofautisha vizuri zaidi wimbi la moja kwa moja na lililodunda ukutani. Betri italiwa haraka. Saa isiyo na L5 huwezi kuiongezea kwa kusasisha programu, hiyo ni chipu na antena.

Kwa matembezi, zima kujisimamisha kiotomatiki. Ukipunguza mwendo kidogo saa inadhani umesimama.

dada_wa_riadha:
Ukikimbia kwenye mashine ya gym, GPS haihusiki; saa inakadiria kwa mzungusho wa mkono. Ukishika vyuma vya mashine, hatua zinapotea. Anayetaka mwendo thabiti wa papo hapo hata Samora afunge kihisi cha hatua kwenye kamba za kiatu. Kipime uwanjani: mizunguko 5 njia ya kwanza ni mita 2,000. Kikisoma 2,060, gawanya 2,000 kwa 2,060, upate 0.971, kisha zidisha kwa namba ya kurekebisha kihisi iliyopo kwenye saa. Njia ya pili usipimie, mzunguko wake ni karibu mita 407.

mkimbiaji_upanga:
Asanteni sana. Na mashindano ya nusu marathoni saa kuandika kilomita 21.4 badala ya 21.1, njia ilipimwa vibaya?

kocha_wa_barabarani:
Njia rasmi hupimwa kwa baiskeli kwenye mstari mfupi kuliko yote, ukigusa kona kwa ndani, tena huongezwa mita 1 kwa kila kilomita isije ikapungua. Wewe unakata kona kwa nje na kupishana na watu, na juu yake yamo makosa ya GPS. Siku hiyo zima raundi ya kiotomatiki, bonyeza kwa mkono kila unapopita kibao cha kilomita. Gawa muda kwa vibao, si kwa umbali wa saa.