Polishi mara tatu mwaka huu na rangi inazidi kufifia, nifanyeje?

Mama Wawili, Kigamboni
Habari za jioni wakuu. Nina gari, Toyota IST ya 2004, bluu iliyokoza. Inashinda juani shuleni ninakofundisha, inalala chini ya mwembe, na upepo wa bahari unaipiga usiku kucha. Mwaka huu nimeipeleka kupigwa polishi mara tatu. Ikitoka inameremeta, wiki mbili baadaye imefifia tena. Sasa kwenye jua naona mistari myembamba ya duara mlango mzima, mfano wa utando wa buibui, na paani kumetokea mabaka meupe. Kijana ninapooshea anasema tupige tena, safari hii kwa mashine. Nimesita. Gari hii niliikopea, deni limeisha mwezi wa tatu, naumia kuiona hivi. Nipige tena au niende rangi moja kwa moja?

Dereva wa Likoni
Pole sana dada. Mimi navuka feri kila siku, na jioni lazima niimwagie maji matupu kabla kitambaa hakijagusa bodi. Chumvi na mchanga ukivifuta vikavu umekwaruza mwenyewe. Ya mabaka nawaachia mafundi.

Fundi Rangi, Tanga
Dada, usipeleke. Napuliza rangi mwaka wa 22 huu, na haya mambo yananiuma.

Gari yako chini ina praima, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, halafu klia, tabaka la juu lisilo na rangi. Kinachong'aa ni klia, na unene wake ni kama mikroni 40 au 50, hata unywele huwa mnene zaidi. Polishi ina chenga ndani yake. Inang'arisha kwa kukwangua, kwa hiyo kila ukipiga umepunguza klia. Waksi haikwangui, inakaa juu na kuzuia maji ya chumvi yasigande. Watu wanayachanganya majina haya: mteja anaomba waksi, anasuguliwa kompaundi, ile polishi kali, anaona mng'aro, analipa.

Kwa nini unafifia baada ya wiki mbili? Polishi nyingi za dukani zina mafuta yanayojaza mikwaruzo. Mvua na sabuni vikiyatoa, mikwaruzo unaiona tena, maana haikuondoka. Na hiyo mistari ya buibui inatokana na uoshaji. Simama siku moja uwaangalie: ndoo moja, sabuni ya unga, na kitambaa kilichotoka kwenye rimu ndicho kinachopanda boneti.

Kesho asubuhi, gari ikiwa kivulini na haijapata moto, osha paa, pitisha ukucha kwenye ukingo wa baka. Ukucha ukinasa au gamba likinyanyuka, klia imekufa, na hakuna polishi ya kuifufua. Halafu sugua polishi kidogo chini ya mlango kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na bluu, hapo hakuna klia tena.

Milango ikiwa bado inayo, piga polishi laini mara moja tu, kwa mkono, kipande cha viganja viwili kwa wakati. Mashine usimpe kila mtu. Bosi wangu alinikataza kuishika mwaka mzima. Nilipoishika, mwaka 2006, nilichoma ukingo wa boneti ya mteja hadi praima, nikalipa kwa mshahara wa miezi miwili. Pembeni na kwenye mikunjo klia ni nyembamba, tangu hapo nafunika kwa tepu ya karatasi.

Kisha waksi, ipake nyembamba. Kidole kikipita kikaacha njia safi, futa. Waksi rudia kila baada ya miezi miwili, polishi iache.

Mama Wawili, Kigamboni
Shikamoo fundi. Nimefanya yote. Mlangoni kitambaa kimetoka na uchafu wa kijivu tu, bluu hakuna. Paani ukucha umenasa, na gamba la ukubwa wa sarafu limebanduka. Na kinyesi cha ndege nakitoaje? Huo mwembe unao wengi.

Fundi Rangi, Tanga
Marahaba mwalimu. Basi milango iko salama, paa linarudiwa peke yake. Klia mbovu yote itoke kwa msasa wa maji, ndipo rangi na klia mpya. Fundi akisema atapuliza klia juu ya magamba, mwondokee. Paa likishapigwa, lisitiwe waksi kwa angalau mwezi mmoja, viyeyusho vitoke kwanza.

Namba ya rangi iko kwenye kibati, penye neno COLOR. Angalia chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Ila bluu ya miaka 20 haiko tena kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo fundi wako alinganishe pia na mlango, nje kwenye mwanga wa jua, kabla ya kupuliza.

Kinyesi usikikwangue kikavu. Weka kitambaa kilicholowa dakika tano, kilainike, ukiinue. Usikiache hadi jioni, kinakula klia.