Mgonjwa wa COPD na figo, yuko Makete kwenye baridi: akibanwa pumzi usiku tuanze na lipi?

Nesi_Ukinga
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa waliozoea wodi za kifua na vitengo vya kusafisha damu.

Mgonjwa ni mama wa miaka 61. Mapafu yameharibiwa na moshi wa kuni (COPD), figo ziko hatua ya 5. Anasafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) Mbeya Jumanne na Ijumaa kwa katheta ya shingoni, yaani mrija uliowekwa kwenye mshipa. Fistula ya mkono wa kushoto (mishipa iliyounganishwa ili itumike kusafishia damu) imeshatengenezwa, inasubiriwa ikomae. Uzito mkavu, yaani bila maji ya ziada mwilini, ni kilo 48. Mkojo bado unatoka, kama mililita 300 kwa siku. Nyumbani kuna mashine ya oksijeni ya lita 5, ameandikiwa lita 1 kwa mrija wa puani, lengo la oksijeni ya damu 88–92%. Anatumia inhela ya salbutamoli (ya kufungua njia za hewa), amlodipini ya presha, furosemaidi ya kutoa maji, na kalsiamu kaboneti ya kukamata fosfeti ya chakula.

Shida ni usiku wa Jumapili na Jumatatu. Pumzi inabana, ndugu wanapandisha oksijeni hadi lita 4, asubuhi anaamka kichwa kinauma na anasinzia. Nusu ya familia wanasema ni kifua, nusu wanasema ni maji. Mimi namfuatilia kutoka zahanati, daktari yuko mbali. Nitofautishe vipi? Na kwa safari ya Mbeya nijiandae na nini?

Wodi_ya_Kifua
Pole kwa kazi, dada. Hizo siku ulizozitaja zimeshajibu nusu ya swali. Toka Ijumaa hadi Jumanne ni siku 4 bila kusafishwa, ilhali kutoka Jumanne hadi Ijumaa ni 3. Ingekuwa ni kifua peke yake, kingebana siku yoyote.

Kabla ya kugusa inhela au oksijeni, mpandishe kwenye mizani. Kilo 1 iliyoongezeka ndani ya siku chache ni lita 1 ya maji yaliyobaki mwilini, si unene. Kwa uzito mkavu wa kilo 48, ongezeko kati ya kusafishwa na kusafishwa lisizidi takriban 4%, yaani kama kilo 1.9. Akifika 50 Jumapili asubuhi, pigieni kitengo cha dayalisisi siku hiyo hiyo mwulize kama atapata nafasi Jumatatu. Msingoje usiku.

Halafu mtazame na msikilize. Maji kwenye mapafu: hawezi kulala chali, anaamka usingizini akitafuta hewa, miguu inabonyea, presha imepanda, mishipa ya shingo imejaa, chini ya mapafu pande zote mbili unasikia mikwaruzo laini kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio. Kifua kilichochafuka: makohozi yameongezeka na yamegeuka njano au kijani, kuna mluzi akitoa pumzi, pumzi ya kutoka ni ndefu, huenda na homa, na mizani haijasogea. Mluzi peke yake usikudanganye. Mapafu yaliyojaa maji nayo hupiga mluzi, na hapo ndipo wengi hutoa salbutamoli usiku kucha huku mgonjwa akizidi kuzama.

Kuna la tatu ambalo husahaulika: anapumua haraka na kwa kina, kifua kikiwa safi, mizani haijapanda sana. Hiyo ni tindikali inayorundikana kwenye damu figo zikifeli. Inhela haitafanya kitu, anahitaji kusafishwa.

Akibanwa: mkalishe wima ukingoni mwa kitanda, miguu ining'inie, mikono iegemee mto juu ya meza. Avute kwa pua, atoe taratibu kwa midomo iliyobana kama anayepuliza moto wa kuni, na kutoa kuwe mara mbili ya kuvuta. Kama kuna mluzi, salbutamoli mikupuo 4 kwa spesa (chombo cha kupitishia dawa kati ya inhela na mdomo), mmoja mmoja, kila mmoja avute pumzi 4 au 5. Rudia baada ya dakika 20. Spesa ikikosekana, chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela sawasawa, yeye aweke midomo kwenye shingo ya chupa. Kwanza ioshe kwa maji ya sabuni, iache ijikaushe bila kuifuta ndani. Ukiifuta, dawa hunata kwenye kuta za plastiki.

Oksijeni: ipandishe nusu lita au lita moja, ngoja dakika 10 hadi 15, soma oksimita ya kidoleni. Ikiwa chini ya 88% ongeza, msiogope, kukosa oksijeni huua haraka zaidi. Ikipita 92% punguza kidogo kidogo, msiizime ghafla. Lita 4 usiku kucha bila kusoma kidole ndizo zinazomrundikia kaboni dayoksaidi: kichwa asubuhi, usingizi, mikono ya joto. Mwambie anyooshe mikono na akunje viganja juu. Ikipigapiga kama bawa, ni dalili mbaya. Ila kwake yeye sumu ya figo nayo huleta kupigapiga huko huko na usingizi huo huo. Huwezi kutenganisha bila kipimo cha gesi za damu, hivyo apelekwe hospitali.

Msisubiri asubuhi akitoa povu la rangi ya waridi, akishindwa kumaliza sentensi, akiwa mgumu kuamka, mapigo yakishuka chini ya 50, au miguu ikilegea ghafla. Hayo mawili ya mwisho yananifanya niwaze potasiamu iliyozidi kwenye damu.

Fundi_Mitungi
Swali moja kabla ya mengine: chumbani kuna jiko la mkaa usiku?

Nesi_Ukinga
Ndiyo. Baridi ya huku mwezi wa 6 na wa 7 unaijua. Wanaliingiza saa 2 usiku, wanafunga dirisha. Binti anayelala naye amesema naye huamka na kichwa.

Fundi_Mitungi
Basi jiko litoke leo. Wawili wa chumba kimoja kuamka na kichwa ni ishara ya kaboni monoksaidi. Na ubaya wake, oksimita ya kidoleni haiwezi kuitofautisha na oksijeni: itaandika 94% na mtu anakufa. Kwa hiyo namba mlizosoma usiku jiko likiwa ndani zote zifutwe kwenye daftari. Dirisha liachwe wazi kidogo. Joto litoke kwenye blanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, mbali na ngozi.

Sababu ya pili ni moto wenyewe. Oksijeni haiwaki, ila hufanya kila kitu kiwake kwa kasi, na blanketi alilolalia huwa limeinywa. Moto wowote, mshumaa na kibatari pia, ukae angalau mita 3. Mafuta ya mgando kwenye midomo na pua wakati wa baridi yaachwe kabisa, atumie kilainishi kilichotengenezwa kwa maji, si kwa mafuta.

Kuhusu kidole: vidole vya baridi husoma uongo. Sugueni mkono mpaka upate joto, kidole kisiwe na hina wala rangi ya kucha, msubiri namba itulie na mapigo ya oksimita yalingane na mnayohesabu mkononi. Msiiweke mkono wenye mkanda wa kupimia presha.

Mashine: kichujio cha sponji kioshwe kwa sabuni kila wiki, kikauke kabisa. Maji ya chupa ya unyevu yachemshwe na kupozwa, yabadilishwe kila siku, yasizidi alama ya juu, maana yakizidi yanapanda kwenye mrija. Usiku wa baridi mvuke hugeuka maji ndani ya mrija na kuziba. Mkisikia gugurugugu puani, uchomoeni, ukung'uteni. Kujua kama hewa inafika, chovya ncha za mrija kwenye glasi ya maji uone mapovu. Na someni kijitabu cha mashine kinasema kimo cha mwisho ni mita ngapi, kwa sababu Makete ni juu ya mita 2,000 na mashine nyingine hudhoofu zikipita kiwango chake. Umeme ukipanda na kushuka, stabilaiza (kifaa cha kutuliza umeme) ni lazima.

Mporoto
Na makohozi yake? Kwa kawaida mgonjwa wa kifua huambiwa anywe maji ya uvuguvugu lita 2 au 3 yalainike.

Dayalisisi_Mbeya
Mkuu, kwa mgonjwa wa kifua tu ni sawa. Huyu hapana. Hesabu yake ni mkojo wa jana jumlisha mililita 500: 300 + 500 = 800 kwa siku nzima. Uji, chai, supu, maziwa na maji ya kumezea dawa vyote vimo. Baridi inazidisha ubaya, hatoi jasho.

Njia inayofanya kazi nyumbani: asubuhi jazeni chupa maji mililita 800. Kila anapokunywa kitu chochote, kiasi hicho hicho kimwagwe kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kiu yake kwa sehemu inaletwa na oksijeni kukausha mdomo na yeye kupumulia mdomo, kwa hiyo asukutue na ateme, alambe kipande chembamba cha limau. Makohozi yatoke kwa mbinu: pumzi 3 za kina, kisha atoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, "haa", kama anayetia ukungu kwenye kioo. Mara 2, apumzike.

Kiu kubwa zaidi ni chumvi. Kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ndio mwisho, na maharage yaliyopikwa kwa magadi tayari yana sodiamu yake. Ndugu wakiomba atundikiwe dripu "ya kumpa nguvu", kataa: nusu lita ya maji ya chumvi ina gramu 4.5 za chumvi, karibu ya siku nzima, juu ya maji yenyewe.

Katheta: isitumike kutoa damu wala kuweka dawa, ni ya kitengo tu. Bandeji isilowe. Huyu anakohoa, na anakohoa karibu kabisa na tundu la katheta, kwa hiyo bandeji inapobadilishwa avae barakoa na ageuze uso upande mwingine, na wewe uvae. Homa na kutetemeka, hata kama ana mafua, ichukuliwe ni maambukizi ya katheta mpaka ithibitishwe vingine. Mkono wa kushoto: hakuna presha, hakuna sindano, hakuna ndoo, asiulalie. Asubuhi na jioni aweke vidole asikie mtetemo. Ukipotea ni simu siku hiyo hiyo.

Jiko_la_Figo
Chakula, kwa sababu huko kila kitu kizuri kina potasiamu: viazi, ndizi, parachichi, maharage. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, vichemshwe tena kwa maji mapya. Kuloweka tu kwenye maji baridi hakutoshi, na viazi vya kuchoma jivuni visahauliwe. Ugali wa sembe na wali ni salama zaidi. Parachichi si kijiko wala nusu, liache. "Chumvi mbadala" ya dukani mara nyingi ni potasiamu tupu.

Msimnyime protini. Aliyeanza kusafishwa damu anaipoteza, na misuli ya kupumulia inaihitaji: gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, kwake ni kama 48 hadi 58 kwa siku. Yai moja lina kama 6. Ale kidogo mara 5 au 6, maana tumbo lililojaa husukuma kiwambo cha pumzi juu. Kalsiamu kaboneti aitafune pamoja na chakula. Akiimeza tumbo tupu haikamati fosfeti ya chakula.

Wodi_ya_Kifua
Narudi kwa dawa, kwa ufupi. Diklofenaki na ibuprofeni hapana, hata kidonge kimoja cha mgongo, apewe parasetamoli. Propranololi hubana njia za hewa, atenololi hurundikana figo zikifeli. Akibadilishiwa dawa ya presha akapewa kaptoprili au enalaprili na kikohozi kikavu kikaanza, kisiitwe COPD. Antibiotiki ya jentamaisini isiguswe zahanati. Kifua kikichafuka, antibiotiki ya doksisaiklini haihitaji kupunguzwa kwa ajili ya figo, dawa nyingi nyingine zinahitaji. Na makohozi yake yapimwe TB (kifua kikuu) kwa mashine ya GeneXpert, kwa sababu anayesafishwa damu yuko kwenye hatari kubwa zaidi na kukonda kwake husingiziwa figo.

Fundi_Mitungi
Safari. Mkipita njia ya Kitulo kwenda Isyonje, mnapanda zaidi ya mita 2,600 kabla ya kushukia Mbeya, yenye takriban 1,700. Oksijeni yake itashuka pale juu hata kama alitoka nyumbani na 90%. Someni kidole kila dakika 15, pandisheni kwa nusu lita, na mkishuka mrudishe chini.

Hesabu ya mtungi: ujazo wa mtungi kwa lita mara presha kwa bar (kipimo cha presha kwenye geji). Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1,000. Kwa lita 2 kwa dakika ni dakika 500, saa 8 na dakika 20. Toa bar 20 za akiba, inabaki saa 6 na dakika 40. Ufungwe mkanda, usilale huru ndani ya gari, na ufunguo wake uwe mfukoni mwa mtu anayejulikana.

Nesi_Ukinga
Asanteni sana. Jiko limetoka. Leo Jumapili mizani imesoma 51.2, nimeshtuka. Miguu inabonyea kidogo, analala kwa mito 2, oksijeni 90% kwa lita 1.

Dayalisisi_Mbeya
Amepimwa na nini mwilini?

Nesi_Ukinga
Sweta 2, koti na kitenge kizito. Nimempima tena sasa hivi kwa gauni jepesi, ameshakojoa: 49.7.

Dayalisisi_Mbeya
Kilo 1.5 za nguo. Bado ni 1.7 juu ya uzito mkavu na Jumanne haijafika, kwa hiyo leo chupa iwe mililita 500 badala ya 800, na upige simu kitengo kabla ya saa 9 alasiri. Gauni hilo hilo liandikwe "la mizani", litundikwe ukutani, avae hilo kila asubuhi baada ya kukojoa kabla ya uji. Kesho akifika 50.2, asilale nyumbani.

Nesi_Ukinga
Nimepiga. Wamempa nafasi kesho saa 4 asubuhi. Tunatoka saa 11 alfajiri, mtungi una bar 110.