Kanigeuzia karatasi juu chini mbele ya darasa zima! Huyu mzee wa Strakcha nimemkosea nini?

Mbeba Zege (mleta uzi)

Wakuu kwema? Mimi si kwema. Mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Mliopita civil (uhandisi wa ujenzi) wote mnamjua mwalimu wa Strakcha, somo la nguvu za majengo, sina haja ya kutaja jina. Yule wa kalamu tatu mfukoni, anayekuta ubao umeshafutwa na bado anaufuta upya. Leo karudisha tesiti. Kachukua karatasi yangu, YANGU, kati ya watu wote wale, kaiweka kwenye projekta, kaitazama kimya kama kaitwa mochwari kutambua ndugu, halafu KAIGEUZA JUU CHINI. "Haya, sasa tumeelewana."

Darasa likaanguka. Kuna binti wa mstari wa mbele, notsi zangu anazila bure muhula mzima, amecheka mpaka akatolewa nje kupepewa.

Swali lenyewe: bimu (boriti) ya mita 8, sapoti mbili zimeachana mita 6, mita 2 za mwisho zinaning'inia nje, mzigo umesambaa kN (kilonyutoni) 20 kwa kila mita mwanzo mpaka mwisho. Chora shia fosi (nguvu ya kuikata bimu) na bendingi momenti (kiasi inavyopindwa). Sapoti ya kwanza nimepata 53.3, ya pili 106.7. Jumlisheni wenyewe, 160, mzigo wote upo, hakuna kilichoibiwa. Shia inakata sifuri mita 2.67 kutoka kushoto, hapo momenti ni 71.1 kNm. Juu ya sapoti ya pili ni 40, na alama imebadilika. Hata pale momenti inapovuka sifuri, mita 5.33, nimepaonyesha. Kosa liko wapi? Eti tumbo la momenti, ule mchoro unaotuna katikati, nimelichora juu ya mstari badala ya chini. Basi! 4 kati ya 20. Na hizo 4 nadhani ni za kuandika namba ya usajili kwa mwandiko mzuri.

Mwaka wa kwanza tulifundishwa na mtu wa makanika (uhandisi wa mitambo): chanya juu, hasi chini. Mwaka wa pili anakuja huyu: chanya chini. Mtoto wa mwenzio afuate dini ipi?

Narudia, ALIIGEUZA. Hakusema "kijana, hapa angalia tena". Kaishika pembe mbili, kaizungusha taratibu, kakohoa. Kile kikohozi ndicho kimenimaliza.

Povu ruksa.

Nondo ya 16

Siti ya mbele kabisa 😂😂 Mleta uzi fafanua: kakohoa ndipo akageuza, au kageuza ndipo akakohoa? Hili ni muhimu.

Mbeba Zege

Kageuza, kakohoa, kasema. Kwa mpangilio huo.

Nondo ya 16

Mauaji ya kukusudia.

Bi Ringi

Pole mdogo wangu, ila wewe kakuonea huruma. Sisi ya kwetu alikuwa anaisoma kwa sauti, na vilivyofutwa anavisoma.

Mzee wa Saiti

Kijana, acha kulialia. Civil tunachora momenti upande unaovutwa, kwa sababu nondo zinakaa upande unaovutwa, na bimu ikilemewa katikati, chini ndiko kunakovutwa. Zege ukilibana linavumilia, ukilivuta linapasuka. Huo mchoro wako ukinifikia saiti, fundi anaona tumbo liko juu, anafunga nondo kuu juu katikati ya bimu, chini anaacha mbili za kushikilia ringi, vile vyuma vinavyozizunguka nondo na kuzuia bimu isikatike. Siku ya kutoa mbao inatusalimia. Kwenye hicho kipande cha nje ndiyo balaa zaidi, pale nondo zinatakiwa juu na wewe umezipeleka chini. Nimeshaona baraza ya ghorofa imefungwa hivyo: nondo zote chini, zimepangwa vizuri hata picha unaweza kupiga, na ufa umekimbia juu pembeni ya ukuta, kidole kinaingia. Mpaka leo imesimamishwa na mirunda, na watu wanaanikia nguo humo humo.

Shafti Haipindi

Mimi makanika. Nyie civil ndiyo mmegeuka. Grafu gani chanya inashuka chini?

Mzee wa Saiti

Haya, nichoree nguzo ya fremu (nguzo na bimu zilizoungana). Nguzo imesimama wima, upepo unaisukuma ubavuni. Chanya iende kushoto au kulia? "Juu" ya nguzo ni upande gani? Mwenye kuchora upande unaovutwa hana hilo swali.

Shafti Haipindi

Sisi hatuna nguzo.

Mjukuu wa Newton

Ngojeni kwanza, hamjaona? Karatasi nzima ikigeuka, mzigo nao umegeuka. Sapoti ziko darini, mzigo unasukuma kwenda mbinguni, kati ya sapoti bimu inavutwa upande wa juu, na tumbo la momenti sasa liko chini. Yaani bado liko upande USIOVUTWA. Kugeuza karatasi hakujarekebisha chochote, zaidi ya kuhamisha kipande cha nje kutoka kulia kwenda kushoto. Mzee kajipa sifuri mwenyewe.

Mbeba Zege

ASANTEEE!!! Hii naiprinti naenda kuibandika mlangoni kwake.

Nondo ya 16

Ibandike juu chini.

Mjukuu wa Newton

Na usijione wa kwanza. Galileo mwenyewe, 1638, alichora boriti imetoka ukutani na mzigo umening'inia mwishoni, akadhani mkato wote wa boriti, juu mpaka chini, unavutwa na boriti inageukia ukingo wa chini. Jibu lake la nguvu ya boriti likatoka kubwa mara tatu. Hakuna aliyemgeuzia karatasi.

Bi Ringi

Walimfungia nyumbani tu.

Mjukuu wa Newton

Hilo lilikuwa la jua, dada. Si la boriti.

Bi Ringi

Tukiacha hayo, wa mwaka wa tatu mmemsahau? Yule wa Hardy Cross, mhandisi wa Marekani. Njia ya 1930, kusambaza momenti kwa mkono, fremu ya ghorofa mbili tena inayoyumba, unabeba, unasawazisha, unabeba, unasawazisha, ukifika mwisho unagundua ugumu wa nguzo moja uliukosea mwanzo. Programu ipo kwenye kompyuta ya maabara, ukiigusa anakuuliza "umeme ukikatika utafanyaje?" Nitawasha mshumaa nitumie laptopu, mzee!

Mzee wa Saiti

Afadhali huyo. Mimi nina msanifu majengo anataka sebule ya mita 9 bila nguzo, na bimu "isionekane". Ilikuwa mita 6. Nikamwambia kwa mzigo ule ule, momenti inakwenda na mraba wa urefu, yaani inapanda mara 2.25. Kanijibu: "Ongeza nondo." Nondo ni chumvi?

Shafti Haipindi

Wasanifu hata sisi wanatutesa. Bomba la kiyoyozi eti lipite katikati ya bimu.

Mzee wa Saiti

Tena wanataka tundu karibu na sapoti, shia inapokuwa kubwa kuliko kote! Sogeza katikati ya bimu basi, hataki, eti litagongana na taa.

Mbeba Zege

Jamani turudi kwenye mada. ALIIGEUZA.

Bi Ringi

Taa gani hiyo yenye thamani kuliko ringi? Wa kwangu alichora ngazi inayoelea. Nikamuuliza imeshikwa na nini. Akasema "na wazo".

Nondo ya 16

😂😂😂 Wazo la milimita ngapi?

Mbeba Zege

Na alikohoa.

Kalamu ya Msanifu

Nimesoma uzi wote. Bimu zenu ni mbaya, ndiyo maana tunazificha.

Mzee wa Saiti

Huyu katokea wapi? Moderata, msifunge uzi.